Kufunga Antena ya Setilaiti Antaktika: Mwongozo Kamili kwa Fundi

Fundi aliyezoea kutega madishi Nairobi, Dodoma au Kampala hufika Antaktika na mazoea yanayomponza: amezoea setilaiti iliyo juu. Karibu na ikweta dishi hutazama juu ya mapaa, na kikwazo chake kikubwa huwa ni mwembe wa jirani. Kwenye nyuzi 70 za kusini, setilaiti za aina hiyohiyo, yaani zilizotulia juu ya ikweta, huonekana nyuzi 11 au 12 tu juu ya upeo wa macho, hata pale zinapokuwa kwenye longitudo ileile na fundi. Pembe hiyo ndogo ndiyo inayoamua mahali pa kusimamisha mlingoti, urefu wake, namna ya kusoma pimapembe na hata njia ambayo watu wa kituo wataruhusiwa kupita. Kazi nyingi zinazokwama huko hukwama kwa sababu pembe hii haikutiliwa maanani tangu mwanzo, na kosa hujitokeza siku ya kusaka mawimbi, wakati msingi umekwisha kuganda.

Mwongozo huu unahusu antena ya mita 2.4 ya bendi ya C, mojawapo ya makundi ya masafa ya setilaiti, kwa kituo kidogo cha Dronning Maud Land, eneo lenye vituo kama Neumayer III cha Ujerumani, Maitri cha India, SANAE IV cha Afrika Kusini na Troll cha Norwei, vyote kati ya nyuzi 70 na 72 za kusini. Bendi ya C imechaguliwa kwa sababu miale ya bendi ya Ku kwa kawaida huelekezwa kwenye nchi zenye wateja, ilhali mwali mpana (eneo ambalo mawimbi ya setilaiti huangukia) wa bendi ya C hufunika karibu upande wote wa dunia unaoonwa na setilaiti. Kazi yenyewe hufanywa majira ya kiangazi, kati ya Desemba na Februari.

## Vifaa vinavyohitajika

Hakuna duka la kukimbilia, kwa hiyo orodha hii ikamilike kabla kontena halijafungwa.

- Dishi la mita 2.4 na kitako chake. Hakikisha kitako kinaweza kushuka hadi mwinuko wa nyuzi 5, kwani vingine hugota kwenye nyuzi 10 au zaidi.
- LNB, kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, inayojifunga kwenye masafa ya rejea, yaani aina ya PLL. LNB za kawaida huhama masafa kadiri baridi inavyoongezeka, na modemu hupoteza mawimbi bila kosa la mtu yeyote.
- BUC, kifaa kinachoongeza nguvu ya mawimbi yanayorushwa, iliyoidhinishwa kwa nyuzijoto −40 au chini zaidi, na ya akiba moja.
- Modemu, swichi na betri, vyote vikiwa vya kukaa ndani. Betri za lithiamu za kawaida hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzijoto 0.
- Kebo yenye ganda la polithini au la familia ya teflon. Ganda la PVC hupasuka likikunjwa kwenye baridi kali.
- Bolti za chuma cha pua, mafuta ya kuzuia nati zisigandamane na grisi ya baridi kali.
- Pima maji, timazi, pimapembe ya kidijitali na spana ya kupima nguvu ya kukaza.
- Kipimo cha spektramu kinachobebeka, cha kuonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa. Skrini yake hupooza kwenye baridi, hivyo kitengenezewe mfuko wenye vifuko vya joto.
- Simu ya setilaiti ya Iridium. Mtandao huo una setilaiti 66 kwenye mizunguko inayopita karibu na ncha zote mbili, kwa hiyo hufanya kazi hata pale ambapo setilaiti za ikweta hazionekani kabisa.
- Mianzi yenye bendera, mbao za plaiwudi nene, kamba za waya, na drili ya nyundo yenye betri za akiba.

Usifungashe chochote kwa punje za polisterini. Itifaki ya Ulinzi wa Mazingira ya Mkataba wa Antaktika, iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991, inazikataza, na upepo ukizichukua hazikusanyiki tena.

## Hatua ya 1: Kokotoa pembe ukiwa bado nyumbani

Chukua latitudo na longitudo ya kituo pamoja na longitudo ya setilaiti uliyopewa na mtoa huduma, kisha kokotoa mwinuko na uelekeo. Kwenye nyuzi 70 za kusini, setilaiti iliyo kaskazini kabisa mwa kituo huwa na mwinuko wa karibu nyuzi 11.5, kwenye nyuzi 72 hushuka hadi karibu 9.4, kwenye nyuzi 75 hubaki 6.4. Setilaiti ikiwa kando kwa longitudo 30, ile 11.5 ya nyuzi 70 hushuka hadi 8.6. Kwa hiyo usikubali setilaiti iliyo mbali upande wa mashariki au magharibi kwa sababu tu gharama yake ni nafuu.

Mpaka wa mwisho ni nyuzi 81.3. Ukivuka hapo, setilaiti yoyote iliyotulia juu ya ikweta iko chini ya upeo wa macho, na ndiyo maana kituo cha Marekani cha Ncha ya Kusini kimetegemea setilaiti kuukuu zilizoanza kuyumba kwenye njia zao, ambazo huchomoza kwa saa chache tu kila siku.

Kumbuka pia kwamba kwenye mwinuko wa nyuzi 10 mawimbi hupita katika hewa nene karibu mara 6 ya yale yanayoshuka wima, na hutikisika zaidi. Mwombe mtoa huduma akiba ya nguvu kwa maandishi, na usitosheke na hesabu aliyoizoea kwa wateja wa nchi za joto.

Dalili ya kufaulu: una karatasi moja yenye mwinuko, uelekeo kutoka kaskazini halisi, masafa ya mwangaza wa setilaiti (wimbi la utambulisho ambalo setilaiti hutuma daima) na aina ya polarizesheni, yaani namna mawimbi yanavyotetemeka.

## Hatua ya 2: Unga antena nzima kabla ya kuisafirisha

Unga dishi, mkono wa LNB, BUC na modemu uani kwako, bolti kwa bolti, kisha ubomoe ukiweka alama ya rangi kwenye kila kiungo. Ondoa grisi ya kiwandani kwenye skrubu za kurekebishia na upake ile ya baridi kali, kwa sababu ya kiwandani huwa ngumu kiasi kwamba skrubu hukatika kabla haijazunguka.

Fanya zoezi hilo ukiwa umevaa glavu nene. Nati isiyoshikika kwa glavu uani kwako haitashikika kwenye nyuzijoto −20 na upepo wa mita 15 kwa sekunde, hali ambayo ngozi huihisi kama −36. Hapo chuma kitupu hung'ang'ania ngozi ya kidole. Badilisha nati hiyo mapema, au iunge kabisa nyumbani na uisafirishe ikiwa imefungwa.

## Hatua ya 3: Chagua mahali

Simama mahali unapokusudia kuweka mlingoti, kwa urefu wa katikati ya dishi, na upige picha ya upeo wote wa kaskazini ukiwa na pimapembe. Mwali ukiwa kwenye nyuzi 10, kusiwe na kitu kinachozidi nyuzi 5 kuelekea huko. Jengo linaloizidi katikati ya dishi kwa mita 3.5 linatakiwa liwe umbali wa mita 40 au zaidi. Hesabu pia vitu visivyokuwepo siku hiyo: trekta la theluji litakaloegeshwa, mapipa ya mafuta yatakayopangwa, tuta la theluji litakaloota baada ya dhoruba.

Jambo la pili ni upepo. Kwenye pwani ya Dronning Maud Land dhoruba kubwa huja zaidi kutoka mashariki, na theluji hurundikana nyuma ya kila jengo, upande wa magharibi. Antena iliyofichwa huko ili kukingwa na upepo itazikwa. Iweke ubavuni mwa kituo, upande wa kaskazini, palipo wazi, ambapo upepo unapita na kufagia.

Upande wa kaskazini una faida nyingine ya usalama: mwali huelekea mbali na kituo. Mwali wa nyuzi 10 hutoka karibu sambamba na ardhi, na uwanja wenye mwinuko mbele yake unaweza kumweka mtu ndani ya mawimbi yanayorushwa. Zungushia eneo la mbele mianzi yenye bendera, na uwaeleze watu wote wa kituo, akiwemo mpishi, kwa nini hapapitiki.

## Hatua ya 4: Jenga msingi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Dishi la mita 2.4 lina eneo la mita za mraba 4.5; upepo wa mita 50 kwa sekunde ukilipiga usoni hulisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani moja. Hewa ya nyuzijoto −20 ni nzito kuliko hewa ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo jedwali la mtengenezaji lililopimwa kwenye hewa ya joto lisomwe kwa tahadhari.

Kwenye mwamba. Vituo kama Troll vimejengwa juu ya mwamba uliojitokeza kwenye barafu, na huo ndio msingi bora kuliko yote. Toboa mashimo makavu bila maji, pulizia vumbi hadi liishe, kisha tia bolti za kutanuka au bolti za resini inayokauka kwenye baridi. Usitumie saruji ya kawaida: maji yaliyomo huganda kabla haijashika, na siku jua likipiga mwamba bolti hutoka kama jino bovu. Ukiona mwamba una nyufa, sogea. Maji ya kiangazi huingia humo, huganda na kuupasua zaidi.

Kwenye theluji. Neumayer III kimejengwa juu ya barafu inayoelea, ambayo husogea kuelekea baharini zaidi ya mita 100 kwa mwaka, na theluji huongezeka hapo karibu mita moja kila mwaka. Mahali pa aina hiyo hakuna kitu kigumu cha kushika, na fundi lazima aitengeneze theluji yenyewe iwe msingi.

Chimba shimo la kina cha mita 1.5, pana kuliko kitako. Shindilia sakafu yake kwa miguu, tabaka baada ya tabaka, kisha uiache usiku mzima. Chembe za theluji iliyovurugwa na kushindiliwa huungana zenyewe, na asubuhi utakuta imekuwa ngumu kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Laza juu yake plaiwudi mbili zilizopishana, simamisha kitako, halafu rudisha theluji kwa tabaka za sentimita 20 ukishindilia kila moja. Kwa kamba za waya, zika mbao kama nanga kwenye kina hichohicho, kila moja ikiwa imelala mkingamo na kamba yake, na uziache saa 24 kabla ya kuzikaza.

Chuma cheusi au cha rangi ya giza kinachotokeza juu ya theluji hunyonya jua la saa 24, huyeyusha theluji inayokizunguka, na mlingoti huanza kuinama bila upepo wowote. Paka rangi nyeupe au uuzungushie kitambaa cheupe kuanzia nusu mita chini ya uso wa theluji.

Dalili ya kufaulu: mtu mzima akiusukuma mlingoti kwa bega, kiputo cha pima maji hakitoki kati ya mistari yake. Kikitoka, usipandishe dishi.

## Hatua ya 5: Simamisha mlingoti na dishi

Mlingoti usimame wima kamili, ukipimwa pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Mlingoti ulioinama huharibu usomaji wa mwinuko kila unapogeuza dishi, na kwenye pembe ndogo kama hii nusu nyuzi ni kosa kubwa.

Sasa angalia umbo la dishi lenyewe. Madishi mengi ya ukubwa huu yana LNB iliyowekwa chini ya katikati, kwa kengeuko la nyuzi 20 na ushee kutegemea mtengenezaji. Kengeuko likiwa 22 na mwinuko 10, uso wa dishi utainamia chini kwa nyuzi 12, na mtu asiyejua ataapa kwamba linatazama miguu yake. Hali hiyo ni sahihi. Mkono wa LNB nao hushuka karibu na theluji, kwa hiyo urefu wa mlingoti upimwe kuanzia LNB: iwe angalau mita 1.5 juu ya theluji kwa kambi ya kiangazi, na zaidi kwa kituo cha kudumu.

Wapo wanaoligeuza dishi kichwa chini ili LNB iwe juu. Sikushauri. Uso hugeukia mbinguni na kuwa sinia la theluji, ilhali dishi lililoinama chini hujisafisha lenyewe.

Paka mafuta ya kuzuia kugandamana kwenye kila bolti ya chuma cha pua, kaza kwa kipimo, kisha chora mstari wa rangi unaopita kwenye nati na kitako kwa pamoja. Mstari ukikatika siku moja, nati imelegea.

## Hatua ya 6: Laza kebo na ufunge viungio

Lete rola la kebo ndani usiku kucha ili lipate joto, kisha ulilaze asubuhi kwa haraka kabla halijapoa. Usilivute likiwa gumu. Acha kebo ipumue kwa kuiwekea mzunguko wa ziada kwenye kila ncha, kwa sababu husinyaa kwenye baridi na kung'oa pini ya katikati ya kiungio.

Theluji inayopeperushwa na dhoruba ni laini kama unga na huingia kwenye tundu dogo kabisa. Ikiingia kwenye kiungio kikavu haileti shida hadi kifaa kipate joto. Ndipo huyeyuka, kiungio hushika kutu, na mawimbi huanza kupungua polepole. Funga viungio chini ya turubai, ukiwa umevikausha kwa kipuliza hewa ya moto. Utepe wa mpira unaojishika wenyewe haushiki kwenye baridi. Upashe moto kwanza, na juu yake uweke bomba la kusinyaa lenye gundi ndani.

Kebo iwekewe mianzi kila mita 5. Ikilala juu ya theluji mwaka huu, mwakani itakuwa chini yake, na dereva wa trekta hana njia nyingine ya kujua ilipo.

## Hatua ya 7: Unganisha metali zote

Barafu haipitishi umeme vizuri, na fimbo ya athi iliyopigiliwa humo haina kazi. Hata hivyo umeme tuli upo kwa wingi, kwani theluji kavu inayosugua dishi hulichaji hadi cheche hurukia LNB. Unganisha kwa waya mnene wa shaba dishi, mlingoti, ganda la kebo, kontena na fremu ya jenereta, ili vyote viwe kwenye kiwango kimoja cha umeme, na uweke kifaa cha kuzuia mruko wa umeme pale kebo inapoingia ndani.

## Hatua ya 8: Itafute setilaiti

Usiitegemee dira. Dira iliyosawazishwa kwa Ulaya hukwaruza kioo chake kusini huku, na makontena ya chuma huipotosha zaidi. Tumia jua. Kwenye kiangazi cha Antaktika jua la adhuhuri halisi huwa kaskazini kamili, na kivuli cha timazi huelekea kusini kamili. Saa ya adhuhuri hiyo hutegemea longitudo na tarehe. Kwa mfano, kwenye longitudo ya nyuzi 2.5 mashariki mwanzoni mwa Februari, ni karibu 12:04 UTC. Uelekeo wa jua hubadilika karibu robo nyuzi kila dakika, hivyo saa yako iwe imesahihishwa kwa GPS.

Chora mstari wa kaskazini kwenye theluji kwa mianzi miwili iliyo mbali, pima uelekeo wa setilaiti kutoka hapo, na weka dishi. Kwa mwinuko, weka pimapembe mgongoni mwa dishi na ufanye hesabu ya kengeuko. Kisha punguza kasi: mwali wa dishi hili wakati wa kupokea una upana wa karibu nyuzi 2 tu. Zungusha uelekeo polepole mara moja kutoka upande hadi upande, panda nusu nyuzi, rudia.

Mwangaza wa setilaiti ukionekana kwenye kipimo, usisimame pale nguvu inapoonekana kubwa. Zungusha hadi ipungue kwa kiasi fulani upande mmoja, weka alama, nenda hadi ipungue kwa kiasi hichohicho upande wa pili, na ufunge katikati. Fanya vivyo hivyo kwa mwinuko. Katikati inayopatikana hivyo ni sahihi kuliko kilele kinachokisiwa, hasa mawimbi yanapotikisika.

Linganisha masafa ya mwangaza na karatasi yako kabla ya kuendelea. Setilaiti jirani huweza kuwa nyuzi 2 au 3 tu kando.

## Hatua ya 9: Rusha kwa ruhusa

Usiwashe BUC kabla ya kuzungumza na kituo cha uendeshaji cha mtoa huduma kwa simu ya Iridium. Watakuomba urushe wimbi tupu kwa nguvu ndogo, wapime kama unavuja kwenye polarizesheni nyingine, kisha wakupandishe hatua kwa hatua. Miale mingi mipana ya bendi ya C hutumia polarizesheni ya mviringo. Kosa la kawaida ni kugeuza kulia na kushoto, na dalili yake ni mawimbi dhaifu sana ingawa uelekeo ni sahihi.

Mtu mmoja asimame kwenye mianzi ya mbele muda wote wa kurusha. Hakuna anayegusa LNB wala mkono wake hadi BUC izimwe kwa swichi, na ufunguo wa swichi hiyo uwe mfukoni mwa anayefanya kazi nje.

Dalili ya kufaulu: modemu imejifunga, na kiwango cha mawimbi kimeandikwa kila saa kwa saa 24 bila kushuka kwa mwelekeo mmoja. Kutikisika juu na chini ni kawaida ya pembe ndogo. Kushuka tu bila kurudi ni msingi unaozama.

## Hatua ya 10: Kagua baada ya dhoruba ya kwanza

Upepo ukitulia, kagua mistari ya rangi kwenye nati, kiputo cha pima maji na mvutano wa kamba. Theluji kavu iliyoshika dishi iondolewe kwa brashi laini. Usifunge hita mahali palipo na baridi kavu: huyeyusha theluji ambayo ingepeperuka yenyewe, na maji yake huganda kuwa barafu ngumu. Hita inafaa pwani kabisa, penye ukungu unaoganda.

Kwa antena iliyo juu ya barafu inayoelea, lenga upya kila kiangazi, kwa sababu barafu husogea na pia hugeuka. Andika pembe za zamani na mpya kwenye karatasi ileile ya Hatua ya 1, nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kontena la mitambo na nyingine irudi na meli.